AJALI HAINA KINGA, LAKINI INA MWENYEWE

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)

Bwana Mwenyekiti, wazee wetu, mama zetu, na ndugu zetu wanachama,



Tumeombwa na Kamati ya Tawi tuseme maneno machache jioni hii, nasi tumechagua kuzungumza juu ya jambo lililotukia mbali sana na hapa, katika kisiwa ambacho wengi wetu hatujakiona wala hatutaraji kukiona. Hapana shaka wapo watakaouliza: sisi tuna shida zetu tele, ya watu wa Okinawa yanatuhusu nini? Jawabu yetu ni fupi. Mtu wa kisiwa humjua mtu wa kisiwa. Mtu wa bara akikimbizwa na moto hutwaa mzigo wake akaenda mbele. Mtu wa kisiwa akienda mbele hukuta bahari, na akirudi nyuma hukuta bahari. Kiwekwacho juu ya kisiwa kimewekwa juu ya vichwa vya watu wake wote, wakubwa kwa wadogo, walioridhia na wasioulizwa.

Okinawa ni kisiwa kirefu na chembamba kusini ya Japani. Mwaka 1945 vita vikuu vilipiganwa juu ya ardhi yake, na watu zaidi ya laki mbili wakafa, askari wa pande zote na raia wasiokuwa na silaha. Vita vilipokwisha, wenyeji walitoka makambini wakakuta mashamba yao na makaburi ya wazee wao yamezungushiwa seng'enge na kufanywa viwanja vya ndege vya jeshi la Marekani. Japani ilipopata tena mamlaka yake mwaka 1952, Okinawa iliachwa mikononi mwa Wamarekani, na ikabaki hivyo mpaka tarehe 15 Mei 1972. Kuanzia mwaka 1957 mkuu wa kisiwa alikuwa Jenerali wa Kimarekani mwenye cheo cha Kamishna Mkuu. Palikuwapo Baraza la kuchaguliwa, lakini Kamishna Mkuu aliweza kuifuta sheria yoyote ya Baraza hilo na kumwondoa ofisa yeyote asiyempendeza.

Wananchi wa kule hawakunyamaza. Mwaka 1956 walifanya mikutano kisiwa kizima kupinga ardhi yao isichukuliwe kwa malipo ya mara moja. Mwaka huo huo watu wa mji mkuu wa Naha walimchagua Senaga Kamejiro, kiongozi wa chama cha upinzani ambaye alikuwa ametoka kifungoni, awe Meya wao. Mwaka 1957 watawala walizigeuza kanuni mpaka akatolewa katika kiti alichopewa na wapiga kura. Wanachama wenzetu mnaosikiliza hapa hamna haja ya kufasiriwa jambo hilo.

Tumeyataja haya ili mjue jambo tunalotaka kulieleza lilitukia katika nchi ya namna gani. Sasa tuje kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa Jumanne, tarehe 30 Juni 1959, katika mji wa Ishikawa. Skuli ya msingi ya Miyamori ilikuwa na wanafunzi zaidi ya elfu moja. Yapata saa nne na dakika arobaini asubuhi, somo la pili lilikuwa limekwisha, na watoto walikuwa madarasani wakinywa maziwa. Wakati huo ndege ya vita ya jeti, ya namna iitwayo F-100, ilikuwa angani katika safari ya mazoezi na majaribio kutoka kiwanja cha Kadena. Injini yake ikashika moto. Rubani alijifyatua nje pamoja na kiti chake, akafungua mwavuli, akashuka salama. Ndege ikabaki pekee yake angani, imejaa mafuta, haina mtu wa kuiongoza.

Iliangukia nyumba za raia kwanza, ikaziparamia, kisha ikaingia katika mabanda ya mabati waliyosomea watoto wa darasa la pili, ikamalizia katika jengo la darasa la sita. Mafuta yalimwagika yakiwaka. Wapo watoto walioshika moto nguoni na nyweleni wakakimbilia kwenye mabomba ya maji ya skuli. Mama zao waliuona moshi kutoka sokoni na mashambani, wakaenda mbio pasina viatu, na kwa baadhi yao mtoto hakutambulika ila kwa kipande cha nguo.

Siku ile na katika siku zilizofuata walikufa watu 17: wanafunzi 11 na majirani 6. Waliojeruhiwa walikuwa zaidi ya 200, wengi wao wanafunzi. Na hesabu haikukoma pale. Mtoto mmoja aliyeungua alipona, akakua, akawa kijana wa chuo kikuu na mwanamichezo. Lakini makovu yake hayakumwacha, na mwaka 1976, miaka 17 baada ya ndege kuanguka, akafa kwa taathira za majeraha yale yale. Kwa hivyo watu wa Ishikawa huhesabu maiti 18.

Wahenga wetu walisema kwamba wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi. Tutazame vizuri hapa, ndugu zetu. Siku ile tembo hawakuwa wakipigana. Hapakuwa na vita Okinawa, wala adui angani. Tembo mmoja alikuwa akinyoosha viungo vyake tu, na nyasi zikateketea.

Bwana Mwenyekiti, sasa tunafika kwenye neno lililotuleta mbele yenu. Sisi Waswahili tuna methali isemayo: ajali haina kinga. Methali hii tunaipenda, nayo ina faida yake. Mtu akifiwa, jirani huja akakaa naye mkekani, akamwambia maneno hayo, na moyo wa mfiwa ukapoa kidogo. Ni neno la kumliwaza aliyepatwa, na aliyepatwa ana haki ya kulisema na kuambiwa.

Lakini tujiulize: je, ni neno la kusemwa na mwenye mtambo? Mwenye chombo akipakia watu kupita kiasi, kikazama, akaja matangani akasema "ajali haina kinga", tutampokeaje? Tutamwambia: ewe bwana, sisi tunasema hivyo kwa imani, na wewe unasema hivyo kwa kukwepa. Ajali haina kinga, naam. Lakini chombo kina mwenyewe, na kuoza kwa mbao zake si kudra, ni uzembe.

Ndivyo ilivyokuwa Okinawa. Watu wa Ishikawa waliambiwa kwamba injini iliharibika kwa namna isiyoweza kuzuilika. Maneno hayo yalitoka kwa wenye ndege, na ripoti ya uchunguzi ilikuwa mikononi mwa wenye ndege. Wafiwa hawakuwa na mahakama yao wenyewe ya kumwita fundi aliyeitengeneza, wala mkubwa aliyeiruhusu kuruka. Fidia ilibishaniwa, ikalipwa, na jambo likafungwa katika makabati ya watawala.

Ilipita miaka 40. Mwishoni mwa miaka ya 1990 waandishi wa khabari wa Okinawa walizipata karatasi za jeshi lenyewe, na ndani yake ikaonekana kwamba sababu kubwa ilikuwa kosa la matengenezo. Haikuwa kudra isiyo na mlango. Ilikuwa kazi ya mikono ya watu, iliyofanywa vibaya na kukaguliwa vibaya. Fikirini, ndugu zetu: mtoto aliyekuwa na miaka 8 siku ile alikuwa mtu wa makamo alipoujua ukweli, na wazazi wengi walikwenda kaburini wakiamini kwamba hapakuwa na la kufanywa. Kumnyima mtu mwanawe ni msiba mmoja. Kumnyima na sababu ya kufa kwa mwanawe ni wa pili.

Pengine atasimama mtu aseme: hayo ni mambo ya zamani, watu wamejifunza. Basi na tusonge mbele miaka 45. Tarehe 13 Agosti 2004, katika kisiwa kile kile, helikopta kubwa ya jeshi la Marekani ilianguka katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Okinawa, mjini Ginowan, jirani na kiwanja cha Futenma. Kwa rehema ya Mungu ilikuwa likizo, na hapana mwanachuo aliyekufa. Askari wa kigeni walikizunguka chuo, ardhi ya raia, wakawazuia polisi wa nchi wasiyakaribie mabaki. Na sababu ilikuwa nini? Kipini kidogo cha chuma, cha kuzuia boliti isilegee, hakikuwekwa mahali pake wakati wa matengenezo. Wakati huo Okinawa ilikwisha rudi Japani miaka 32 nyuma. Bendera ilikuwa imebadilika. Kipini na kabati la siri vilikuwa vile vile. Na mwezi wa Desemba 2017 dirisha la helikopta ya jeshi lilidondoka katika uwanja wa skuli ya msingi iliyo ukutani kwa Futenma, watoto wakiwa wamo uwanjani katika somo la mazoezi ya viungo.

Hapa, Bwana Mwenyekiti, hatuna budi kusema ukweli hata kama hautapigiwa makofi. Ni rahisi kuwalaumu wageni, na kule Okinawa mgeni ana lawama yake kamili. Lakini tusidanganyane kwamba mgeni akiondoka khatari nayo huondoka. Tazameni mfano wa Italia, nchi yenye Bunge lake na jeshi lake.

Tarehe 6 Desemba 1990, yapata saa nne u nusu asubuhi, ndege ya jeti ya mazoezi ya jeshi la anga la Italia ilipata hitilafu angani. Rubani, akiwa peke yake, alijifyatua nje akaokoka. Ndege ikaingia katika skuli ya Salvemini, katika mji mdogo wa Casalecchio di Reno, ikapiga chumba cha darasa moja. Walikufa wanafunzi 12, wasichana 11 na mvulana mmoja, wenye umri wa kama miaka 15. Wengine 88 walijeruhiwa, wapo walioruka kutoka madirishani kuukimbia moto.

Wafiwa wa Italia walikuwa na jambo ambalo wafiwa wa Ishikawa hawakuwa nalo: mahakama. Mwaka 1995 rubani na maofisa wawili waliomwongoza kutoka chini walitiwa hatiani. Mwaka 1997 mahakama ya rufaa iliwaachia, ikisema kwamba lililotendwa si kosa la jinai. Na mwaka 1998 mahakama ya juu ikauthibitisha uamuzi huo. Na lililowauma wazee wa watoto kupita yote ni kwamba mawakili wa Dola, Dola ile ile ambayo watoto wao walikuwa raia wake, walisimama upande wa wanajeshi. Hata hivyo mambo yalisemwa hadharani. Maofisa waliulizwa masuali, na majibu yao yakaandikwa. Jengo lile lililoungua halikubomolewa ili lisahauliwe. Lilitengenezwa likafanywa Nyumba ya Mshikamano, na vyama vya kuwasaidia watu vikapewa nafasi ndani yake.

Na juzi tu, tarehe 21 Julai 2025, ndege ya jeshi la anga la Bangladesh, iliyokuwa katika safari ya mazoezi, ilianguka juu ya skuli ya Milestone katika jiji la Dhaka. Zaidi ya watu 30 walikufa, wengi wao watoto. Hapo hapakuwa na mgeni: ndege ni ya nchi, rubani ni kijana wa nchi, na watoto ni wa nchi. Rubani naye alikufa. Tumtaje kwa heshima, kwani sisi hatusemi haya kwa kuwachukia marubani. Rubani aghalabu ni kijana wa watu aliyepewa chombo na amri. Naye humwacha mama wa kulia. Suali letu haliendi kwa aliye ndani ya ndege, bali kwa aliyeamua kwamba mazoezi yafanywe juu ya mapaa ya watu.

Basi tumeona mambo matatu katika nchi tatu. Kule Okinawa watu walitawaliwa na wageni, na ukweli ukafungiwa miaka 40. Kule Italia watu walijitawala, wakapata mahakama, lakini hawakupata haki waliyoitaka. Kule Bangladesh jeshi ni lao wenyewe, na ndege ikaanguka vile vile. Kinachoyaunganisha yote ni kitu kimoja: waliokaa chini hawakuulizwa kabla, na walipotaka kuuliza baadaye ilibidi wapige hodi kwa mtu yule yule aliyewadhuru.

Wazee wetu wanakumbuka jinsi watu wa Unguja, mwanzoni mwa miaka ya 1960, walivyobishana juu ya kituo cha Wamarekani cha kufuatilia vyombo vilivyopelekwa anga za juu. Kituo kile hakikuwa cha ndege za vita, hakikumuua mtu, na mwaka 1964 kilifungwa. Wako waliokitaka na wako waliokikataa. Lakini suali lililoulizwa mitaani siku zile lilikuwa suali la haki, nalo halijazeeka: nani aliulizwa? Kisiwa si sitaha ya meli ya mtu, kwamba atakayepanda afunge alitakalo.

Sasa, wanachama wenzetu, hotuba isiyokuwa na kazi mwisho wake ni kelele. Sisi tunaleta mbele yenu masuali matatu, ambayo tunataka kila mwanachama ayahifadhi kichwani, na ayaulize mbele ya Serikali yoyote, iwe hii tunayoipinga au ile tutakayoiunda sisi wenyewe siku moja, Inshallah.

Suali la kwanza: mtambo wenye khatari, uwe ndege, boti, ghala la mafuta au la baruti, umepangiwa kupita wapi na kukaa wapi, na waliopo mahali hapo wameulizwa lini?

Suali la pili: pakitokea maafa, karatasi za uchunguzi zitakuwa mikononi mwa nani, na mfiwa ataruhusiwa kuzisoma baada ya siku ngapi? Tumesema siku. Hatukusema miaka.

Suali la tatu: aliyedhuriwa atashtaki mbele ya nani, na Dola itamsimamia nani siku hiyo?

Asiyeweza kujibu masuali haya matatu, huyo asituambie kwamba ajali haina kinga.

Na ipo kazi moja ambayo haingojei Serikali. Watu wa Ishikawa walipoona kwamba kumbukumbu za watawala zimefungwa, walitengeneza zao. Walimu walioponea chupuchupu, wanafunzi waliokuwa wamekwisha kuwa wazee, na jamaa za waliokufa walikaa wakasimuliana, wakaandika, wakachapisha vitabu. Wapo waliokaa kimya miaka 50 kwa uchungu, kisha wakafungua kinywa. Katika skuli ya Miyamori lipo jiwe la ukumbusho, na kila ifikapo tarehe 30 Juni watoto wa leo hukusanyika wakawakumbuka wale walioondoka na kikombe cha maziwa mkononi.

Sisi hatuna makabati makubwa, lakini tunao makatibu wa matawi, na kila katibu ana daftari na kalamu. Litokeapo jambo la kudhuru watu, katibu asingoje tangazo. Na aende siku ile ile, aandike tarehe, saa, mahali, jina la kila aliyepatwa, na maneno ya kila aliyeona. Asizidishe wala asipunguze, kwani uongo wetu mmoja utaiharibu kweli yetu yote. Andiko hilo liwekwe mahali pawili, siyo pamoja. Litakuja kuhitajiwa, pengine kesho, na pengine wakati ambapo aliyeliandika hayupo tena.

Bwana Mwenyekiti, tunamaliza. Sisi ni watu wa imani, na tunajua kwamba kila nafsi itaonja mauti, wala hapana achelewaye wala awahiye. Lakini imani yetu haikutufundisha kumsamehe fundi kabla hajaulizwa. Tunapokwenda kumzika mtoto, husema: kazi ya Mola haina makosa. Kweli, haina makosa. Kazi ya fundi ndiyo yenye makosa, na ya fundi yataka kukaguliwa.

Tuwaombee waliokufa Ishikawa, Casalecchio na Dhaka, na tuziombee subira nyumba walizoziacha. Na tukitoka hapa kila mtu akamwambie jirani yake yale aliyoyasikia.